Bi Takataka

Msimu ule mikarafuu ilizaa hata matawi yakaomba nguzo.
Kila ua wa Mgelema jamvi, kila jamvi mikono,
watoto wakichambua mpaka wasinzie,
karafuu huku, makonyo kule.
Karafuu ina mizani, ina karani, ina risiti.
Konyo lina gunia la mwisho
na bei ya kuonea haya.

Mimi sikuchuma. Mimi nilikuwa mtu wa tanu.
Usiniulize mikoko mingapi.
Mkandaa, msinzi, mkoko wenyewe,
naijua gizani kwa uzito wake begani.
Maji yakipwa nakata, nafukia, nachoma siku nne,
narudi nyumbani rangi moja na sufuria.
Nyuma ya shamba la baba
chumvi ikaanza kupanda muhogoni.
Nikaona. Nikanyamaza. Mtu una watoto watano.

Dada yangu Mize hakunyamaza,
Mize hajui kunyamaza.
Alikwenda hadi kiwanda cha mafuta ya makonyo,
akasimama langoni na baiskeli ya kuazima.
"Yale mnayoyatupa yakishapikwa, mwauza?"
Mlinzi, Asaa Faki, akacheka hata kofia ikamdondoka:
"Bibi wee, hayo yashatolewa roho."
"Roho wameitoa," kasema Mize. "Moto je?"

Magunia manne bure.
La tano kwa ahadi ya mkate wa kumimina.

Uani kwake alichoma vifuu ndani ya pipa, akalifunika,
akatwanga, akachanganya na makapi ya makonyo,
akasonga kwa uji wa muhogo
kama anayesongea wageni,
akashindilia katika kopo la maziwa lililotobolewa.
Mkupuo wa kwanza ulimeguka.
Wa pili ukavunda.
Wa tatu ulichukuliwa na mvua ya vuli,
ukaacha tope ambalo hata kuku walilizunguka.
Majirani wakampa jina: Bi Takataka.
Aliitika.

Hata Ijumaa moja, baada ya alasiri,
harufu ikatambaa juu ya makuti,
kali, tamu, kama sanduku la biharusi limefunguliwa,
na Salhina wa nyumba ya pili akaja mbio, mwiko mkononi:
"Nani anaolewa humu bila ya kuniambia?"
"Pweza," Mize akajibu bila kugeuka.
"Anaolewa na tui."

Nilikwenda kuangalia.
Nakiri, nilikwenda kutafuta kasoro.
Moshi haba. Macho makavu.
Madonge matatu, kila moja kama andazi,
yamemlainisha pweza, yakachemsha chai,
na nilipofukua jivu kwa kijiti
bado mlikuwa na jicho jekundu likinitazama.
Na mama, aliyekohoa jikoni miaka arobaini,
alikuwa amekaa karibu ya jiko. Karibu!
Anamenya ndizi na kusengenya watu.

Sisemi mambo yamekwisha.
Donge likilowa linarudi kuwa uji.
Masika yataka banda, banda lataka mabati,
na mabati hayaoti mitini.
Skuli imeagiza magunia kumi, imelipa saba;
mwalimu mkuu akimwona Mize njiani
hukumbuka ghafla kuwa ana safari.
Ndiyo magomvi yetu ya sasa.
Ya zamani yalikuwa nani kakata mti wa nani.

Shoka langu lipo, nyuma ya mlango.
Jana nimepasulia nazi,
na Mize akavidaka vifuu kabla havijatulia chini.
Akanitazama, mimi na vidole vyangu
ambavyo sabuni ilishakata tamaa navyo.
"Wewe moto unaujua," akasema.
"Mimi kila siku nauchelewa. Nafunika, kumbe ushakuwa jivu.
Nataka mtu anayejua dakika yake."

Sikumjibu.
Niliuliza tu pipa liko wapi.